Neno la Ineza Halikuwa la Hadharani

Niboye, Kigali
Alhamisi, baada ya vipindi

Dada Rehema,

Assalamu alaykum, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia unaswali umekaa kwenye kiti, nikacheka, na nilipokata simu nikajuta. Mama je, dawa za presha anazimeza au bado anazificha chini ya mto? Mimi ni mzima, Alhamdulillahi. Baridi ya asubuhi nimeizoea, vilima navyo nimevizoea, miguu imekuwa migumu hata viatu vyangu vya Tabora vinanibana.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mbili. Kwanza, sauti zangu za kwenye simu unazisikiliza nusu unazima. Usikatae, shemeji amekushtaki. Pili, kuna dereva wa lori, mtu wa Nzega, anaondoka Jumamosi, amekubali kubeba bahasha ila si mzigo. Kwa hiyo vile vitenge subiri.

Dada, nina furaha mpaka mwandiko umelala upande, utauona mwenyewe. Jana nimekaa na wazazi wa mwanafunzi wangu mmoja, kikao nilichokihangaikia zaidi ya mwezi, na tangu nitoke pale sijaweza kutulia kitini. Lakini siwezi kukwambia kilichotokea jana kabla hujajua nilivyoharibu. Maana niliharibu. Utasema "Zai na mdomo wake". Sema tu, safari hii una haki.

Mtoto anaitwa Ineza, yuko darasa langu la tatu, ana miaka tisa, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Ukimuuliza kitu kwa mdomo anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Hadithi ukimsimulia leo, kesho anakurudishia yote na pale ulipokosea anakusahihisha. Kusoma ndiko hakuna. Na alinidanganya muhula mzima, dada, mimi mwenye miaka kumi na moja kwenye chaki. Nilikuwa nikimwambia asome, anasimama anasoma ukurasa kwa madaha. Siku moja nikamsogelea, nikakuta kitabu kimefunguliwa kwenye habari ya ng'ombe, naye anasoma habari ya soko, neno kwa neno, vile alivyoisikia kwa wenzake. Nikamwandikia neno moja tu kwenye karatasi, "baba". Akaliangalia. Akaliangalia tena. Akaomba ruhusa ya kwenda chooni. Ndipo nilipokumbuka kwamba kila tunapofungua habari mpya Ineza anabanwa na mkojo.

Nikamuuliza Mwalimu Esperance. Huyu nimewahi kukutajia, mama wa makamo anayefundisha Kinyarwanda, ndiye aliyenipokea nilipofika. Akaniambia kwake ni hivyohivyo. Basi nikajua si ugeni wa Kiswahili ninachowafundisha unaomsumbua, maana Kinyarwanda ndicho alichonyonya nacho.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angetulia akafikiri. Mimi sikutulia.

Huku Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda. Asubuhi maduka yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, mnasafisha mtaa pamoja. Mwezi ule tulikuwa tunazibua mtaro ulio chini ya shule. Mkimaliza, mnakaa kwenye nyasi na mkuu wa mtaa anaendesha kikao: taka zitupwe wapi, nani ana mbwa asiyefungwa, mambo kama hayo, na kila mtu anasema wazi. Mimi napenda vikao vile, unajua nilivyo. Siku hiyo mkuu wa mtaa akatusimamisha walimu, akauliza kwa utani kama watoto wao wanasoma au wanakula tu uji wa shule. Watu wakacheka. Ndipo baba yake Ineza akainua mkono. Ni fundi wa kuchomelea mageti, amekulia Bujumbura kule Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kwa hiyo Kiswahili anakiongea vizuri kuliko majirani zake wote. Akauliza, "Na wangu je, mwarimu? Si ndiye anaongoza?"

Aliuliza akitabasamu, dada. Mtoto wake ni msemaji, anajua hadithi zote, kwa nini asiongoze? Nami nikamjibu. Nimeshika koleo, mbele ya mtaa mzima, kwa sauti yangu ya kufundishia, nikasema: "Ineza hajui kusoma hata neno moja. Nadhani ana tatizo la kichwa. Mpelekeni hospitali."

Unajua kosa hili nimelitoa wapi? Nimelitoa kwetu. Kikao cha wazazi, mwalimu mkuu anasoma matokeo kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na mzazi wa yule wa mwisho anajikuna kisogo watu wanacheka, maisha yanaendelea. Mimi na wewe tumekaa kwenye vikao hivyo tukapiga makofi. Nikadhani kusema ukweli mbele za watu ndiyo uhodari wa mwalimu.

Papa Ineza, ndivyo wanavyomwita, hakukunja uso. Aliinama kidogo akasema, "Murakoze, mwarimu," yaani asante. Nikaamini tumeelewana. Nikashika njia ya nyumbani najiona shujaa. Tulipofika kona Esperance akanishika mkono. "Zainabu, umemvua mtu nguo mbele ya majirani zake." Nikamwambia mbona mwenyewe ameshukuru. Akanitazama kwa huruma. "Ulitaka akupige? Hapa mtu anashukuru kwanza. Mengine anakwenda nayo nyumbani."

Jumatatu nilielewa. Ineza alikuja, akakaa, na mkono wake haukunyanyuka siku nzima. Wazazi waliokuwa kikaoni walikuwa wameyazungumza mezani, na watoto wao wameyaleta darasani. Wakati wa mapumziko nilimsikia mmoja akimwita "hana kichwa". Neno langu, dada, nililisikia limetoka mdomoni kwa mtoto wa miaka minane. Niliingia stoo ya chaki nikalia.

Jumatano mama yake akanisimamisha getini. Ni mfanyabiashara wa viazi kule Nyabugogo, anatoka alfajiri anarudi jioni, Kiswahili chake ni cha sokoni. Hakugombana. Alisema tu, "Mwarimu, muhula ikiisha, Ineza anaenda Huye kwa nyanya yake. Papa yake amesema. Kule hapana mtu anamujua." Nikauliza atasoma shule gani. Akasema ipo moja, mbali kidogo, na nyanya ana mbuzi, atamsaidia. Akaniaga vizuri akaenda zake.

Sasa umeelewa nini kilikuwa kinaning'inia. Mtoto anayejua hadithi nzima kwa kusikia mara moja anapelekwa kuchunga mbuzi ili baba yake asichekwe na majirani. Na aliyemtuma huko ni mimi. Muhula ulikuwa umebakiza wiki sita.

Nilikwenda kwenye karakana yake kuomba radhi. Papa Ineza akazima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akanipa kiti, akaagiza Fanta. Tukaongea mvua. Tukaongea bei ya vyuma. Akaniuliza habari za Tabora, za asali yetu, za wazazi wangu, nami kila nikifungua mdomo niseme "kuhusu Ineza" ananiongezea habari nyingine, kwa adabu kabisa, huku anacheka. Nilikunywa Fanta mbili nikarudi na ombi langu tumboni. Kwetu mtu akikukasirikia angalau unajua pa kushika.

Esperance aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Fedheha umempa uwanjani, radhi unaipeleka uani. Ataipokeaje?" Halafu akaniambia nisubiri umuganda mwingine, na wakati nasubiri nifanye kazi ya mwalimu. Akanipa daftari tupu. Kila siku niandike nilichokiona kwa Ineza. Wiki ya kwanza nilimpelekea, naye akachukua kalamu nyekundu, akakata "mvivu", akakata "hasikilizi", akakata "anajifanya". Karibu ukurasa mzima ulikwenda. "Hivi ndivyo unavyofikiri," akasema. "Nimekuomba ulichokiona." Nilinuna, nakwambia. Miaka kumi na moja kazini halafu nasahihishwa daftari kama mtoto.

Lakini nilipoanza kuandika nilichokiona tu, nikaanza kumwona mtoto. Jumanne: amenakili mstari wa ubaoni, ameruka herufi nne, amegeuza b ikawa d mara tatu. Alhamisi: nimemsomea swali la hesabu kwa sauti, amelipata, nimempa lilelile kwenye karatasi, hakuandika kitu. Ijumaa: neno alilosoma juu ya ukurasa hakulitambua chini ya ukurasa uleule. Jumatatu: amewapanga wenzake kumi na wawili kwenye mchezo wa kuigiza, na kila mmoja amemkumbusha maneno yake bila karatasi. Hakuna mahali pa kuweka "mvivu" hapo, dada. Mvivu gani anakariri kitabu kizima kuficha kwamba hawezi kukisoma?

Basi ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tulifyeka nyasi za kandokando ya barabara. Kikao kilipoanza nikaomba ruhusa kwa mkuu wa mtaa. Sikumtaja mtu. Nilisema: "Mwezi uliopita nilileta hapa neno la mtoto wa watu. Halikuwa la hapa, na nililisema kama mtu asiye na malezi. Mtoto hana kosa, wazazi wake hawana kosa, kosa ni langu mwalimu. Na kama kuna nyumba ilibeba maneno yangu ikawapa watoto, nawaomba muyarudishe." Halafu nikamalizia kwa Kinyarwanda nilichofundishwa na Esperance njiani, "Mumbabarire", mnisamehe. Bibi mmoja akapiga makofi mawili, polepole. Papa Ineza alikuwa anafuta udongo kwenye fyekeo lake. Hakuinua macho. Nikajua imeshindikana.

Jana, Jumatano, vipindi vimekwisha, nafuta ubao, nikasikia hodi. Papa Ineza na Mama Ineza, wote wawili, wamevaa nguo za kanisani. Karakana ile huwa haifungwi mchana, na mkewe viazi kamwachia nani? Ineza alikuwa nyuma yao, wakamwambia angoje nje kwenye bembea.

Kazi yote ya wiki zile ilinisaidia hapo. Sikuwapeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye ile meza pana ambayo mzazi akikaa mbele yake anajiona mshtakiwa. Tulivuta viti vinne karibu na dirisha, vyote sawa, mimi, Esperance, na wao. Na sikuanza kusema. Wewe fikiria, mimi, sikuanza kusema. Niliwauliza, "Nyumbani mnamwonaje?"

Mama Ineza akamwangalia mumewe, halafu akaanza. Akasema anamtuma dukani vitu saba, anarudi navyo saba, hana karatasi. Papa Ineza akaongeza kwamba mteja akija kuagiza geti, miezi miwili baadaye Ineza ndiye anayekumbuka mteja alitaka maua gani juu na upana gani, kuliko yeye aliyeandika. Alikuwa anasema huku akinitazama usoni kwa mara ya kwanza. Nikamwambia na mimi ndivyo ninavyomwona, nikawasomea habari ya mchezo wa kuigiza. Mama akacheka. Halafu kicheko kikageuka. "Lakini kazi ya shule, mwarimu, akikaa nayo iko analia. Mimi nasema ni uvivu. Namupigaka na kandambili." Akajifunika uso na kitenge. Esperance akamwekea mkono begani.

Ndipo nikafungua daftari la Ineza na daftari langu, nikawaonyesha. Hiki niliona siku hii, hiki siku ile. Sikusema ugonjwa, sikusema kichwa. Papa Ineza alishika kurasa kwa vidole vyake vilivyoungua, akazisoma zote, taratibu. Halafu akauliza, na sauti ilikuwa ndogo kwa mwanamume wa mwili ule: "Niambie wazi. Mtoto wangu ni mjinga?"

"Hapana," nikamwambia. "Mjinga asingeweza kunidanganya muhula mzima."

Akauliza kama ni moshi wa karakana. Mkewe akauliza kama ni magunia aliyobeba akiwa na mimba. Dada, nilihisi moyo umenikatika. Mwezi mzima mimi nadhani wamenikasirikia, kumbe wamekaa nyumbani wanajitafutia kosa. Nikawaambia: sijui ni nini, mimi si daktari, na siku ile uwanjani nilijifanya daktari. Ninachojua ni kwamba wapo watoto wengi wenye akili timamu ambao herufi zinawagomea, na wanafundishika, ila kwa njia nyingine. Tuanze na macho na masikio kituo cha afya, maana pengine ni jambo dogo. Kama macho na masikio ni mazima, tutauliza wanaojua zaidi, mwalimu mkuu ameniahidi kutuelekeza. Na darasani kuanzia kesho hatasomeshwa mbele ya wenzake mpaka aombe mwenyewe, maswali nitamsomea, atajibu kwa mdomo. Esperance atakaa naye robo saa kila siku kwa Kinyarwanda, herufi chache chache. Nikawaomba tukutane tena kabla ya mitihani, wao ndio waniambie kama naona sawa.

Mama akaitikia kila neno kwa kichwa. Papa Ineza kimya. Safari hii nilishajua kutoamini kimya. Nikamuuliza, "Unaonaje, papa?" Akasema, "Huye nimeshaongea na mama yangu. Anamngoja." Akasimama, akatoa simu, akatoka nje.

Sasa dada, hapa nasimama kidogo nitoe salamu, kwa sababu nakujua, ukishajua mwisho utakunja karatasi. Nisalimie mama yetu, mwambie dawa. Msalimie shemeji yangu, mshtaki wako, mwambie nimemshukuru. Msalimie mjomba wa sokoni na shangazi aliyenifungia asali, imekwisha wiki ya pili, walimu wote walilamba. Wanao wape mkono mmoja mmoja kwa majina, hasa yule wa mwisho anayedai nimemsahau. Na wewe mwenyewe, mwalimu wa darasa la kwanza, nina ombi kwako: kikao chenu kikifika, mwombeni mwalimu mkuu asisome yale majina. Nenda wewe umwambie, wewe anakuogopa.

Haya. Tulimwona Papa Ineza dirishani anaongea na simu, anazunguka, anasimama, anazunguka. Mkewe ameshika kiti kwa mikono miwili. Muda ulikuwa mrefu, Esperance alianza kuhesabu rozari yake mfukoni, nami nikaanza kusoma dua zangu. Papa Ineza akarudi, akakaa. "Bibi yake amekasirika," akasema. "Alikuwa amemtengenezea kitanda."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hilo lilikuwa jibu. Mama Ineza alielewa mara moja, akainuka akaenda mlangoni kumwita mtoto.

Ineza akaingia, amesimama wima, mikono nyuma, kama anangoja kusomewa hukumu. Baba yake akachuchumaa mbele yake akamwambia haendi Huye, atabaki hapa hapa, kwa mwarimu wake. Waliongea Kinyarwanda, na hiki changu cha kuokoteza kilinitosha. Mtoto hakuruka wala hakucheka. Alitukagua sisi wote wanne, mmoja baada ya mwingine, akarudi kwa baba yake.

"Kwani nimeshajua kusoma?"

"Bado," baba yake akamwambia. "Unabaki hivyohivyo."

Wako akupendaye na aliyejifunza kunyamaza,
Zainabu